Mitatu Iliyobaki Ndiyo ya Kutunza

Daktari wa mifugo wa Malindi ajibu barua za wasomaji

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina mbwa wa kienyeji, dume, rangi ya kahawia, jina lake Jabali, umri wake miaka minne hivi. Mwaka jana aligongwa na tuktuk hapa Maweni, mguu wa mbele wa kushoto ukasagika hata ikabidi ukatwe wote mpaka begani. Namshukuru Mungu kidonda kilipona na sasa anatembea, tena mbio anazipiga. Shida ni kwamba nyumbani tumegawanyika. Baba watoto anasema huyu sasa ni kilema, aachwe alale barazani na apewe chakula kizuri. Kijana wangu wa kidato cha pili naye kila Jumapili anamchukua ufuoni na kumrushia mpira tangu alasiri hadi magharibi, na Jumatatu mbwa hainuki. Halafu kuna jambo linanishangaza: nikitembea naye polepole anachoka upesi kuliko akienda mbio. Na amenenepa. Nani ana haki kati ya hawa wawili? Na mbwa wa namna hii huishi miaka mingapi?
Mama Jabali (watoto wa mtaani wamenibatiza), Maweni, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakuna mwenye haki. Baba anamharibu kwa huruma, kijana anamharibu kwa mchezo, na wote wawili wanautazama mguu ambao haupo. Ule umekwenda. Wa kutazamwa ni mitatu iliyobaki, maana inafanya kazi ya minne, na ndiyo itakayoamua Jabali ataufikia uzee akiwa amesimama au amelala.

Tupige hesabu kidogo. Mbwa mzima hubeba kiasi cha asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele na 40 kwa ya nyuma, kwa sababu kichwa, shingo na kifua viko huko mbele. Kama Jabali ana kilo 20, kila mguu wa mbele ulikuwa ukibeba kilo sita. Ulipoondoka mmoja, mwili ulirudisha sehemu ya mzigo nyuma, lakini huo wa kulia uliobaki sasa unabeba karibu nusu ya mwili wote: kilo tisa, pengine kumi, kila hatua, maisha yake yote. Sasa juu ya hapo mwongeze kilo tatu za ugali na mafuta ya nyama. Ndiyo maana mbwa wa miguu mitatu akiletwa kwangu, kabla sijauliza habari za mazoezi, nampapasa mbavu.

Nawe fanya hivyo leo. Pitisha vidole ubavuni mwake bila kubonyeza. Kisha kunja ngumi yako na upapase vifundo vya vidole vyako: mbavu zikiwa hivyo, amekonda mno. Nyoosha kiganja na upapase mgongo wa mkono huo: hivyo ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Papasa nyama iliyo chini ya kidole gumba: zikifichika hivyo, amenenepa, na barua yako inanieleza kuwa Jabali yuko hapo. Mtazame pia kutoka juu akiwa amesimama, aonekane ana kiuno.

Baba watoto akikuambia unamnyima mbwa haki yake, msomee hii. Mwaka 2002 yalitolewa Marekani matokeo ya utafiti wa mbwa 48 wa aina ya Labrador waliofuatwa tangu utotoni. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko ndugu zao waliokuwa wakila kwa kushiba. Walioshiba waliishi kama miaka 11 na kidogo. Waliopunguziwa walifika 13, na ugonjwa wa viungo uliwachelewa sana. Na hao wote walikuwa na miguu minne.

Jiko la mwambao nalijua, nimelelewa humo. Mbwa anapewa ukoko wa wali wa nazi, mahamri ya jana, na ikiwa kuna arusi mtaani, sahani ya pilau. Hiyo pilau iache kabisa, na si kwa unene tu: kitunguu, kiwe kibichi au kimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka vipande vikali vinavyotoboa utumbo. Punguza ugali theluthi moja. Mahali pake tia boga la kuchemsha au mchicha, ambavyo vinajaza tumbo bila kunenepesha, na mpe dagaa waliochemshwa bila chumvi, au vichwa vya samaki ulivyochambua miiba. Samaki wana mafuta yanayosaidia viungo, na katika hilo sisi wa pwani hatuna cha kuwaonea wivu wa bara. Kila mwisho wa mwezi mbebe, panda naye kwenye mizani, kisha panda peke yako, utoe. Ikishuka nusu kilo kwa mwezi, unakwenda vizuri.

Sasa hilo lililokushangaza. Hulishangai wewe peke yako. Mbwa aliyepoteza mguu wa mbele hawezi kutembea polepole kama zamani, kwa sababu kila hatua ya mguu ule mmoja ni mruko mdogo: anainua kichwa, anakirusha mbele, anatua. Mwendo ukiwa wa taratibu, kila mruko unaanza upya na unamgharimu nguvu. Akishika mwendo wa kati, ule wa kukimbia kidogokidogo, mwili unajipeleka wenyewe. Basi usimvute nyuma kwa kamba ya shingoni ukidhani unamhurumia. Mvalishe mkanda wa kifuani. Fundi viatu mzuri atakushonea kwa utepe mpana wa mkoba, na mwambie aweke kitambaa laini upande wa kovu, lisichubuke. Kisha tembea wewe haraka, umfuate mwendo wake.

Muda ni jambo jingine. Dakika kumi asubuhi, kumi alasiri, kumi tena usiku kukitulia, zinamjenga. Saa tatu za Jumapili baada ya siku sita za kulala zinambomoa. Akizoea wiki mbili tatu, ongeza dakika mbili kila mzunguko, usiwe na haraka. Kuanzia Januari hadi Machi, joto la kaskazi linapokaza, toka baada ya alfajiri tu na baada ya jua kuzama. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, na huyu anahema zaidi kwa sababu kazi yake ni nzito zaidi. Weka mgongo wa mkono wako juu ya lami au mchanga: usipoweza kustahimili hesabu ya moja mpaka saba, naye hawezi. Akiungua wayo wa mguu wa mbele, ana mguu gani mwingine wa kumpumzisha?

Ufuo wetu ni zawadi, ila uwe na saa zake. Mchanga mkavu wa juu, ule unaozama hadi kifundoni, ni adhabu. Hata mimi mwenye miguu yote unanichosha. Ngojea maji yatoke, umpeleke kwenye mchanga mbichi ulioshikana. Kwa kuwa ufuo una mwinamo, ukienda upande mmoja mguu wa upande wa chini unaelemewa. Kwa hiyo rudi kwa njia ileile uliyoendea, mzigo ubadilike. Epuka mawe ya matumbawe. Epuka pia eneo la hifadhi ya bahari, ambalo limehifadhiwa tangu 1968, na sehemu zozote ambako kasa hutaga. Mbwa na mayai ya kasa hawapatani.

Kuogelea kunamfaa kuliko yote, kwa sababu maji yanaubeba mwili na misuli inafanya kazi bila viungo kugongwa. Lakini si wakati Mto Sabaki umefurika na bahari imegeuka rangi ya chai ya maziwa, wala wakati wa kusi mawimbi yanapovunjika. Chagua siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, asubuhi kukiwa shwari. Ingia naye wewe mwenyewe, maji yakufike kiunoni, umshike kwa mkanda wake. Mwanzoni ataelea upande, kwa sababu anapiga maji kwa mkono mmoja. Mtilie mkono chini ya kifua mpaka apate mizani. Dakika tano zatosha. Asinywe maji ya chumvi, atahara. Mwoshe kwa maji baridi ya bomba, umkaushe hasa penye kovu na katikati ya vidole.

Na mpira? Mwambie kijana auweke. Naupinga mchezo huo kwa mbwa wa miguu mitatu, na kwa aliyepoteza wa mbele naupinga mara mbili. Anakwenda kwa kasi, anafunga breki ghafla, anageuka: uzito wote, pamoja na kasi, unatua juu ya kifundo kimoja na bega moja. Hapo ndipo kano zinapovutika, ndipo Jumatatu hainuki. Kijana ana nguvu na anampenda mbwa wake, kwa hiyo mpe kazi nyingine. Afiche vipande vya samaki uani, chini ya kifuu, nyuma ya mtungi, kwenye rundo la makuti, mbwa avitafute kwa pua. Akili inachoka kabla ya mguu. Apange fito tano chini, umbali wa hatua moja moja, Jabali azivuke taratibu. Amsimamishe juu ya godoro la sponji na kumwonyesha kipande cha nyama kushoto, kulia, juu, ili mwili ujifunze kujishikilia. Kukaa na kusimama, kukaa na kusimama, mara sita saba, kunamjengea misuli ya nyuma, nayo ndiyo itakayoupunguzia mguu wa mbele mzigo. Mazoezi haya yanaonekana ya kitoto. Yafanyeni kwa mwezi mmoja ndipo mnicheke.

Mjue dalili ya kutosha. Mbwa hasemi basi, na Jabali atakimbia hata akiwa na maumivu ilimradi kijana anakimbia. Kichwa kikianza kuning'inia, akijilaza njiani, mguu ukitetemeka akisimama, au akirudi nyumbani na kukilambalamba kifundo, mmepita kiasi. Akiamka viungo vimekakamaa kesho yake, kata muda kwa nusu.

Nyumba yako hukuitaja, ila nyingi za Maweni mpya zina vigae au saruji iliyong'arishwa. Huko ndiko mbwa wa miguu mitatu huumia zaidi ya barabarani. Tandika vipande vya zulia lenye raba chini, kuanzia mlangoni hadi kwenye bakuli lake na mahali anapolala. Mkeka wa ukindu haufai, unateleza pamoja naye. Kata kucha kila baada ya wiki mbili tatu, kwa kuwa kucha ndefu zinausukuma wayo nyuma. Bakuli la chakula lipandishe juu ya tofali, asilazimike kuinama na kujiegemeza kwa mguu mmoja. Na baraza: asipande wala kuruka kutoka juu. Kushuka ndiko kubaya zaidi. Mtengenezee mteremko wa ubao, upigilie gunia juu yake.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, dawa ya minyoo kila miezi mitatu, dawa ya kupe bila kukosa. Hayo hayabadiliki kwa mbwa yeyote.

Ataishi miaka mingapi? Kukatwa mguu kwa sababu ya ajali hakupunguzi umri wenyewe. Mbwa wa kienyeji aliyetunzwa anaweza kufika miaka 12 au zaidi, na wa miguu mitatu pia.


SWALI: Salaam Daktari. Mimi ni mkulima wa Hindi, Lamu. Mbwa wangu jike, Kipusa, alinaswa na mtego wa waya msituni, akakatwa mguu wa nyuma wa kulia juu kabisa pajani. Ana miaka miwili. Nimeona kwenye simu mbwa wa Ulaya wamewekewa miguu ya bandia. Je, Kipusa anaweza kuwekewa? Na anaweza kurudi kulinda mahindi dhidi ya nyani? Alikuwa hodari sana.
Mkulima, Hindi

JIBU: Salama, ndugu yangu. Mguu wa bandia unahitaji kigutu cha kujishikilia. Kipusa amekatwa juu pajani, kwa hiyo hakuna pa kuufungia. Usimlaumu aliyemkata: mara nyingi tunakata juu kwa makusudi, kwa sababu kigutu kirefu hugongwagongwa na kutoka vidonda kila siku. Fedha hizo weka. Miguu ya nyuma yote miwili hubeba asilimia 40 tu ya uzito, na mbwa wengi waliopoteza mmoja wa nyuma wanajizoesha haraka kuliko akina Jabali wa hapo juu.

Hazina yako sasa ni goti moja la kushoto. Ndani yake mna kano inayozuia mfupa wa chini usiteleze mbele. Kano hiyo ikikatika kwa mbwa wa miguu minne, atachechemea. Kwa Kipusa, hatakuwa na mguu wa nyuma wa kusimamia. Inakatika kwa kuruka, kwa kugeuka ghafla mbio, na kwa unene. Ukimwona siku moja anagusa chini kwa ncha ya kidole tu, au anakaa ameutupa mguu pembeni, usingoje mpaka siku ya soko Jumamosi. Mpeleke kwa afisa wa mifugo. Akipanda mahali pagumu, pitisha leso iliyokunjwa chini ya tumbo, mbele ya paja, umsaidie kunyanyuka.

Kuhusu nyani, jibu langu ni hapana, na nalisema kwa nguvu. Dume la nyani lina uzito wa kilo 25 hivi, na meno yake marefu yanapasua ngozi ya mbwa kwa pigo moja. Kilichokuwa kikimwokoa Kipusa ni kugeuka na kukwepa, na hicho ndicho alichopoteza. Nyani naye hakawii kujua nani hawezi kukimbia. Lakini sauti yake ipo na masikio yake yapo. Mweke karibu na dungu, apige kelele, wewe na mbwa mwingine mzima mkafukuze. Kazi hiyo ataifanya miaka mingi, na kwa heshima.

Kuna jambo hukuuliza, nami siwezi kuliacha. Mfungishe kizazi kabla hajaingia joto tena. Dume akimpanda, uzito wake wote unakaa kwenye ule mguu mmoja wa nyuma. Na mimba ya watoto sita saba ni mzigo ambao goti hilo halikuumbiwa kubeba peke yake.


SWALI: Daktari, mimi ni mzee wa Watamu. Mbwa wangu ana miaka 11, alipoteza mguu wa mbele akiwa mdogo na hakuwahi kusumbua. Tangu wiki iliyopita asubuhi hawezi kusimama mpaka nimwinue, na amepoteza hamu ya kula. Kijana wa duka la dawa amenipa diklofenaki, kidonge kimoja kwa siku. Jirani anasema umri umefika, apigwe sindano apumzike. Niambie ukweli.
Mzee wa Watamu

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kile kidonge usimpe tena hata kimoja. Diklofenaki, ibuprofeni na paracetamoli ni za watu. Kwa mbwa mbili za kwanza hutoboa tumbo na kuua figo, na ya tatu huharibu ini na damu. Kama ameshakula kadhaa na anatapika au choo ni cheusi, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, si kesho, na mwambie alichokula na kiasi gani.

Sindano ya jirani nayo isubiri. Ugonjwa wa viungo wa uzeeni huja taratibu, kwa miezi: leo amekakamaa kidogo, msimu ujao zaidi, na hamu ya kula kwa kawaida haiondoki. Wako ameanguka kwa wiki moja na ameacha kula. Kwetu hapa mwambao, neno la kwanza linalonijia nikisikia hivyo ni kupe. Homa zinazoletwa na kupe wa mbwa huvimbisha viungo, hupunguza damu na humfanya mbwa awe mzito kuinuka. Mwenye miguu minne anajificha kwa kuchechemea, mwenye mitatu analala chini. Mtazame ufizi: ukiwa mweupe badala ya waridi, hiyo ni dalili kubwa. Mchunguze ndani ya masikio na katikati ya vidole. Daktari achukue tone la damu alitazame. Nyingi ya homa hizo zina dawa, na nimeona wazee kama wako wakisimama ndani ya siku chache.

Ikiwa damu ni safi na ni viungo kweli, zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa mbwa, meloksikamu ni mojawapo, na kipimo chake hufuata kilo za mbwa baada ya figo kupimwa. Mtandikie godoro nene, maana mfupa mkongwe haupendi saruji. Mkande taratibu bega la mguu uliobaki na shingo kabla hajasimama asubuhi, dakika tano, kwa kitambaa cha maji ya moto. Matembezi yasikome, yafupishwe tu: mpaka kwenye mwembe na kurudi, mara nne kwa siku.

Habari ya sindano tutaizungumza ikiwa, baada ya kutibiwa, hawezi kula, hawezi kwenda haja bila kujichafua, na siku mbaya zimezidi njema. Niandikie majibu ya damu yakitoka. Hivyo vidonge rudisha dukani, na kama mgongo wako ndio unaouma, muulize daktari wa watu kabla ya kuvimeza.